Kuhamia Hospitali Nyingine Mimba Ikiwa Imekomaa

Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mtoto huhesabiwa kuwa ametimiza muda kuanzia wiki ya 37. Mara nyingi mazungumzo ya kina kuhusu namna ya kujifungua huachwa hadi miezi mitatu ya mwisho. Ndipo mama anapogundua kwamba mpango wa hospitali si mpango wake. Wiki zilizosalia ni chache, fedha za awali zimekwisha kulipwa, na huenda jamaa zake wakamsihi asiwasumbue madaktari. Somo hili linaeleza haki za mama wa Kenya anayejikuta katika hali hiyo, na mambo ambayo hana budi kuyathibitisha kabla ya kuhama.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mimba ya wiki 34 ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Angependa kumzaa wa pili kwa njia ya kawaida. Hospitali ya binafsi anakohudhuria kliniki imemjibu kwa sentensi moja tu: aliyepasuliwa mara ya kwanza hupasuliwa tena. Amekwisha kulipa shilingi 40,000 za awali. Je, anaweza kuhama?

Anaweza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari na gharama za kila njia, tena kwa lugha anayoielewa. Sheria hiyo inatambua pia haki ya mgonjwa ya kukataa huduma anayopendekezewa, baada ya kuelezwa matokeo ya kukataa. Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unaongeza haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Kwa hiyo jibu la sentensi moja halitoshi, na mama anayeuliza sababu hamkosei mtu heshima.

Hata hivyo, haki ya kuondoka si sawa na haki ya kupokelewa. Hospitali ya pili hailazimiki kuahidi huduma ambayo haiwezi kuitoa kwa usalama. Mama akiiacha ya kwanza kabla hajakubaliwa na ya pili, hujikuta kati ya hospitali mbili asiwe mgonjwa wa yoyote, na uchungu hausubiri mipango ya mtu. Ushauri wetu wa kwanza, basi, ni kutofuta nafasi ya zamani mpaka ile mpya iwe imethibitishwa kwa maandishi.

Kovu na taarifa yake

Swali la kwanza ambalo daktari mpya atauliza linahusu kovu. Wengi hudhani kwamba kovu linaloonekana tumboni linatosha kumjibu. Halitoshi, kwa kuwa ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa mlalo ilhali mji wa mimba ulikatwa kwa wima. Mkato wa mlalo katika sehemu ya chini ya mji wa mimba ndio unaoruhusu, kwa akina mama wengi, kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Mkato wa wima katika sehemu ya juu huongeza hatari ya kupasuka, na kwa kawaida madaktari hushauri upasuaji mwingine.

Jambo hilo linajulikana kwa hakika katika taarifa ya upasuaji iliyoandikwa siku ile na daktari aliyeufanya. Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko picha yoyote itakayopigwa sasa. Ikiwa mtoto wa kwanza alizaliwa katika mji mwingine, Kisumu au Mombasa kwa mfano, mama aanze kuitafuta mapema, kwani faili za zamani huchukua siku nyingi kupatikana.

Kwa mama mwenye kovu moja la mlalo na mimba isiyo na matatizo, miongozo ya madaktari wa uzazi wa Uingereza inakadiria kwamba takribani 72 hadi 75 katika kila 100 wanaojaribu hufanikiwa kuzaa kwa njia ya kawaida. Aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida ana matumaini makubwa zaidi. Hatari inayoogopwa ni kovu kupasuka wakati wa uchungu. Jambo hilo hutokea kwa takribani mama mmoja katika kila 200, na linapotokea, uhai wa mama na mtoto hutegemea dakika. Hizi ni takwimu za hospitali zenye vifaa kamili. Haziwezi kuhamishiwa kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji.

Hapa ndipo penye kiini cha uamuzi. Hospitali inaweza kukataa kwa sababu ya mwili wa mama, au kwa sababu ya zamu zake za usiku: haina daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi wala damu ya kutosha baada ya saa mbili usiku. Sababu zote mbili ni halali. Lakini ya kwanza humfuata mama popote aendapo, na ya pili hubaki katika jengo lile. Mama ana haki ya kuelezwa ni ipi kati ya hizo mbili inayomhusu, maana ikiwa ni ya kwanza, kuhama kutamgharimu bure.

Maswali ya kuiuliza hospitali mpya

Swali la kawaida, «Je, mnaruhusu kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji?», halisaidii sana. Karibu kila dawati la mapokezi hulijibu kwa ndiyo. Tunashauri mama aulize hivi: mwaka uliopita, kati ya akina mama waliojaribu hapa, wangapi walifaulu? Usiku wa Jumapili, daktari wa kupasua huwa ndani ya hospitali au huitwa kutoka nyumbani kwake? Akiitwa, hufika baada ya muda gani? Damu huwekwa hapa au huagizwa kwingine? Daktari ninayemwona kliniki akiwa hayupo siku hiyo, anayeshika zamu yake anakubaliana na mpango huu?

Swali la mwisho husahauliwa mno. Mama humhamia daktari aliyesifiwa na rafiki, kisha anapofika usiku na uchungu humkuta mtu ambaye hajawahi kumwona. Mpango uandikwe ndani ya Kijitabu cha Mama na Mtoto na kutiwa sahihi, ili mhudumu yeyote wa zamu ausome.

Umbali pia una uzito wake. Hospitali bora iliyo upande wa pili wa Nairobi inaweza kuwa mbaya kuliko ya wastani iliyo karibu, hasa jioni za mvua ya masika. Safari hiyo ijaribiwe mara moja kwa saa ambazo barabara hujaa.

Kumbukumbu za kubeba

Zaidi ya taarifa ya upasuaji, mama abebe Kijitabu cha Mama na Mtoto, majibu ya vipimo vya damu, yakiwemo kundi la damu pamoja na Rhesus, na picha ya ultrasaundi ya mapema kuliko zote. Picha ya miezi mitatu ya kwanza hukadiria umri wa mimba kwa usahihi zaidi kuliko ile ya miezi ya mwisho. Hospitali mpya ikipiga picha katika wiki ya 35 na kubadili tarehe bila kuiona ile ya kwanza, mama anaweza kuanzishiwa uchungu kabla ya wakati, au kuambiwa amepitisha siku ilhali hajazipitisha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuzifikia taarifa zake binafsi zinazohifadhiwa na taasisi. Ombi la maneno machache latosha:

«Mimi ni mgonjwa wenu wa kliniki ya wajawazito, faili nambari … Naomba nakala za kumbukumbu zangu zote, zikiwemo majibu ya vipimo, picha za ultrasaundi na taarifa ya upasuaji wa tarehe … Nazihitaji kabla ya tarehe … kwa ajili ya matibabu. Tafadhali nithibitishieni kwa maandishi kwamba mmelipokea ombi hili.»

Nakala ya barua hiyo ipigwe muhuri wa hospitali na mama abaki nayo.

Fedha

Zile shilingi 40,000 hazipotei kwa sababu tu mama ameondoka, wala hazirudi zote kwa sababu tu ameziomba. Itategemea masharti aliyotia sahihi na huduma alizokwisha kupata. Aombe hesabu iliyoandikwa, yenye kila huduma na bei yake, kisha adai salio kwa barua. Hospitali ikijibu kwamba fedha hazirudishwi, aombe kuonyeshwa sharti hilo na tarehe alipoelezwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inawalinda wateja dhidi ya maelezo ya uongo na masharti ya dhuluma.

Katika hospitali mpya aulize bei mbili: ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na ya upasuaji wa dharura endapo jaribio halitafaulu. Kati ya kila mama wanne wanaojaribu, mmoja huishia kwenye chumba cha upasuaji, na bili kubwa huwafikia wale waliouliza bei ya kwanza peke yake. Aulize pia kama huduma ya mtoto mchanga imo au inalipiwa kando.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo inayosimamia bima ya afya ya umma badala ya NHIF. Mama athibitishe kwamba usajili na michango yake ni kamili, kwamba hospitali mpya ina mkataba na SHA, na ni kiasi gani kitakachobaki juu yake baada ya malipo ya SHA. Mwenye bima ya binafsi aiarifu kampuni yake kabla ya kuhama, kwa kuwa kibali cha kujifungua huenda kimetolewa kwa jina la hospitali ya kwanza.

Wakati wa kutohama

Kwa maoni yetu, mama ambaye hajapata jibu la maandishi la hospitali mpya kufikia wiki ya 37 afadhali abaki alipo na kujadiliana na madaktari wake yale yanayowezekana: kuwa na mtu wake wa karibu chumbani, kusubiri uchungu uanze wenyewe kabla ya upasuaji, au kumpakata mtoto mara tu anapozaliwa. Hayo si madogo, na hospitali nyingi huyakubali yakiombwa mapema.

Zipo dalili ambazo hufuta mipango yote: kutoka damu, maumivu makali ya kichwa yenye kuona ukungu, maji kupasuka, mtoto kupunguza kuchezacheza, au maumivu ya kovu yasiyokoma. Mama mwenye dalili hizo aende hospitali ya karibu yenye uwezo wa kumhudumia, hata kama ni ile aliyoihama jana. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Bili ikibaki bila kulipwa, ni deni linalodaiwa kama madeni mengine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama hospitalini kwa kushindwa kulipa kulikiuka haki zao.

Malalamiko kuhusu daktari au hospitali hupelekwa KMPDC, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kuhusu muuguzi au mkunga, Baraza la Wauguzi la Kenya. Kuhusu kumbukumbu zilizozuiliwa, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mlalamikaji aambatishe nakala za barua, risiti na kurasa za kijitabu, na abaki na karatasi halisi nyumbani.