Ujuzi wa Fundi na Dereva

Wahenga walisema kwamba ujuzi hauzeeki. Maneno hayo ni kweli, lakini ujuzi usioongezwa huweza kuleta hasara. Leo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu jambo hili kwa mfano wa motokaa.

Hapo zamani injini iliwashwa kwa kuzungushwa hendeli, na mtu asiyejua kuishika aliweza kuvunjika mkono injini ilipopiga kinyume. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa motokaa zilizowashwa kwa umeme. Ujuzi wa hendeli ukaanza kusahauliwa, wala hapana aliyeulilia.

Lakini si kila ujuzi wa kale wafaa kutupwa. Fundi wa zamani alirekebisha kabureta kwa bisibisi, huku akisikiliza mlio wa injini. Siku hizi kompyuta ndiyo ipimayo petroli, na fundi huchomeka chombo kinachomsomea alama za kasoro. Alama P0171, kwa mfano, maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli. Sababu haikutajwa: huenda mpira wa hewa umepasuka, au pampu ya petroli imedhoofika, au kipima hewa kimechafuka. Fundi ajuaye kusoma alama tu atabadili kifaa baada ya kifaa, hata fedha za mwenye gari ziishe. Fundi hodari husoma alama, kisha hutega sikio, akausikia mpira ukivuta hewa.

Kwa dereva hatari ni kubwa zaidi. Zamani alifundishwa kukanyaga breki na kuachia, tena na tena, ili magurudumu yasikwame penye utelezi. Mwaka 1978 Mercedes-Benz walianza kuuza gari zenye breki za Bosch zifanyazo kazi hiyo zenyewe, upesi kuliko mguu wa mtu. Katika gari yenye breki hizo dereva yampasa akanyage kwa nguvu bila kuachia. Kanyagio likitetemeka, asishtuke. Akifuata mazoea ya zamani, gari itachelewa kusimama, na mtoto avukaye njia ndiye atakayeumia.

Basi, dereva akabidhiwapo gari ngeni, na aulize kwanza ina breki gani. Fundi mzee asione haya kufundishwa alama na kijana, wala kijana asilidharau sikio la mzee.