Safari ya Mahindi: Babati hadi Dar es Salaam

Wakati wa mavuno walanguzi huja na malori yao hadi vijijini kwetu. Hununua mahindi kwa bei yao, na wengine hutaka tujaze lumbesa. Ndipo wanakijiji husema, "Na sisi tukodi lori, twende Dar es Salaam wenyewe."

Wazo hilo ni zuri. Lakini kabla ya kupakia gunia la kwanza, chukueni kalamu na karatasi.

NJIA
Zamani masika yakifika, lori liliweza kulala kwenye matope ya Kondoa. Mwezi wa Aprili 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa. Urefu wake ni kilometa 251. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilometa 450. Basi safari yote ni kama kilometa 700. Hakuna haja ya kuzungukia Arusha.

UZITO
Gunia lisizidi kilo 100. Magunia 100 ni tani 10.

Lori la ekseli mbili, kama Fuso, linaruhusiwa tani 18 pamoja na uzito wake. Ekseli ya mbele ni tani 8. Ya nyuma, yenye tairi nne, ni tani 10. Tuseme lori tupu lina tani 7. Likibeba magunia 100 linakuwa tani 17. Linapita. Jirani akija kubembeleza muongeze magunia yake 20, linakuwa tani 19. Huyo jirani hatakuwapo mtakaposimamishwa kwenye mizani ya Vigwaza mkalipishwa faini.

Pangeni magunia vizuri pia. Uzito ukielemea nyuma, mnaweza kukamatwa hata kama jumla haizidi.

WATU
Kebini ni ya watu watatu: dereva, utingo na mjumbe mmoja wa kikundi. Msipande juu ya magunia. Mjumbe wa pili atangulie kwa basi, atafute mnunuzi, kisha apige simu. Kazi yake ni kubwa kuliko ya yule anayelinda mzigo. Mtaona sababu hivi punde.

KULALA NJIANI
Bebeni maji, sufuria, unga, blanketi na turubai zima lisilotoboka. Mvua moja ikipenya, mahindi huota ukungu. Laleni mahali penye taa na malori mengine, siyo porini. Gairo usiku kuna baridi kali. Hata hivyo, msiwashe jiko la mkaa ndani ya kebini. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

HESABU
Bei hizi ni za mfano. Ulizeni bei za siku yenu. Bei ya dizeli hutangazwa na EWURA kila mwezi.

Lori lenye mzigo, tuseme, linakwenda kilometa 3.5 kwa lita. Kilometa 700 ni lita 200. Likirudi tupu linakwenda kilometa 5 kwa lita. Hizo ni lita 140. Jumla ni lita 340. Lita moja ikiwa shilingi 3,000:

Dizeli: 1,020,000
Kukodi lori, siku 4: 720,000
Posho ya watu wanne, siku 4: 320,000
Nauli ya basi, kwenda na kurudi: 80,000
Kupakia na kushusha: 200,000
Jumla: shilingi 2,340,000

Gawanya kwa magunia 100. Kila gunia limebeba gharama ya shilingi 23,400. Bado ushuru wa halmashauri. Mkilipa, tunzeni risiti, maana mtaulizwa kwenye vizuizi.

Sasa tuseme bei ya gunia Dar es Salaam inazidi ya Babati kwa shilingi 30,000. Faida ni 6,600 kwa gunia. Kwa magunia 100 ni shilingi 660,000.

Lakini mkifika sokoni mkakuta mahindi yamejaa, mnunuzi atawaambia, "Subirini kesho." Kila siku ya kusubiri, posho ni 80,000. Mwenye lori naye atadai pesa ya lori kusimama, tuseme 150,000. Jumla ni 230,000 kwa siku. Siku tatu ni 690,000. Faida yote imekwisha, na mmeongeza 30,000 kutoka mifukoni mwenu. Walanguzi wanaijua hesabu hii. Ndiyo maana hawana haraka ya kununua kwa mgeni aliyelala sokoni.

Kwa hiyo andikeni mkataba na mwenye lori. Uonyeshe nani ananunua dizeli, nani analipa faini na pancha, na pesa ya kusimama ni kiasi gani. Ulizeni pia bei ya soko la nafaka la Kibaigwa, mbele ya Dodoma. Liko barabarani, na safari inakuwa fupi zaidi.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Dizeli ikipanda hadi shilingi 3,300 kwa lita, faida itabaki kiasi gani?
2. Mwenye lori akipata mzigo wa kurudi nao Babati, kikundi kimwombe apunguze nini?
3. Katika kijiji chenu, nani anafaa kutangulia kwa basi? Kwa nini?