Gari Likichemsha, Simama: Dalili za Injini Mbovu na Namna ya Kuitengeneza



Pikapu moja hapa Kakuma hutumikia watu wengi. Asubuhi hubeba mizigo ya sokoni, mchana hubeba mbao na mabati, na usiku huweza kuitwa kumkimbiza hospitalini mama mwenye uchungu. Injini ikifa, si mwenye gari peke yake anayepata hasara. Kwa hiyo soma somo hili hata kama wewe si dereva, kwani abiria anayejua dalili anaweza kumwambia dereva asimame.

1. Kwa nini gari huchemsha

Injini ya dizeli hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Maji huzunguka ndani ya injini, huchukua joto, kisha hupita kwenye rejeta na kupozwa na upepo. Hapa Turkana kazi hiyo ni ngumu. Jua ni kali na vumbi huziba rejeta. Tena gari likivuka mchanga wa laga huenda polepole kwa gia nzito: injini inatumika sana, na upepo ni mdogo.

Tuchukue mfano. Dereva ametoka Lodwar na mzigo, safari ya kilometa 120 hivi. Njiani anaona mshale wa joto unapanda. Anasema moyoni, "Zimebaki chache, nitafika tu." Anafika kweli, lakini gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Kumbe chanzo kilikuwa mkanda wa feni uliolegea, ambao ungekazwa kwa spana kwa dakika chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Mshale ukipanda ufanye nini

(a) Simama mahali salama, kivulini kama kipo. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, au ukiona mvuke, zima injini mara moja.
(b) Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyofungiwa humo huwa yamepita nyuzi 100, na ukifungua yatakurukia usoni na kukuunguza vibaya. Watoto na abiria wakae mbali.
(c) Ngoja nusu saa au zaidi. Rejeta ikiwa imepoa kiasi cha kuweza kuishika kwa mkono, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko na ukifungue kidogo kidogo.
(d) Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, kwani chuma kinaweza kupasuka. Injini ikishapoa, ongeza maji polepole.

Jihadhari na jambo moja. Mshale ukishuka ghafla wakati mvuke bado unatoka, usifurahi. Huenda maji yamekwisha kabisa, na kipima joto hakina maji tena ya kupima.

3. Dalili nyingine

Taa ya oili: Ikiwaka gari likitembea, zima injini papo hapo. Bila oili, vyuma husagana na huharibika kwa muda mfupi sana. Pima oili kwa kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa tambarare.

Rangi ya oili: Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Usiwashe tena mpaka fundi aione.

Maji kupungua: Ukiongeza maji kila siku na huoni panapovuja, shuku gasketi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, kisha mwambie mwenzako awashe. Mapovu yakitoka mfululizo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Zima kabla maji hayajapata moto.

Moshi: Moshi mweupe kidogo asubuhi si tatizo. Ukiendelea hata injini ikipata moto, na maji yanapungua, ni dalili ya gasketi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua, pengine kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Anza na kichungi cha hewa, maana vumbi la hapa hukiziba upesi, kisha nozeli zipimwe.

4. Ukienda kwa fundi

Mweleze ulichoona: tatizo lilianza lini, moshi ulikuwa rangi gani, maji ulijaza mara ngapi. Usimwambie tu, "Badilisha gasketi." Gasketi haiungui bila sababu. Ukiweka mpya na kuiacha rejeta ikiwa imeziba, hata hiyo mpya itaungua, na fedha zako zitakuwa zimepotea mara mbili. Hili ndilo jambo kuu la somo hili: tengeneza kilicholeta ugonjwa, si kile kilichoumia tu.

Kwa hiyo muulize kuhusu rejeta, pampu ya maji, themostati, mipira ya maji, kifuniko cha rejeta na mkanda wa feni. Kisha zingatia haya:

– Hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa imepinda, isawazishwe kwa mashine. Ikaguliwe pia kama ina ufa.
– Gasketi iwe mpya. Iliyokwisha kutumika haifai hata ikionekana nzima.
– Bolti zikazwe kwa zamu na kwa spana ya kipimo, kama kitabu cha gari kinavyosema.
– Kama maji yalichanganyika na oili, oili na kichungi chake vibadilishwe.
– Bei ya spea na bei ya kazi ziandikwe mbalimbali kabla ya kuanza. Spea za zamani urudishiwe uzione.
– Bakiza sehemu ya malipo mpaka gari lijaribiwe likiwa na mzigo, maana gari tupu linaweza kuficha ugonjwa.

Ikiwa spea haipatikani hapa na ni lazima uifuate Lodwar au Kitale, uliza mapema ofisini kama unahitaji kibali cha safari, kabla injini haijafunguliwa.

Kama gari ni la kikundi, wekeni daftari. Kila siku dereva aandike kilometa, maji aliyoongeza na oili aliyoongeza. Lita moja ya maji leo na moja kesho ni habari ambayo daftari litaitoa kabla ya mvuke.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini ni hatari kufungua rejeta ya moto?
2. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha nini?
3. Fundi amebadilisha gasketi, lakini baada ya wiki mbili gari linachemsha tena. Mngeanza kukagua wapi?
4. Dereva wenu akisema, "Nitafika tu," mtamjibu nini?