Likizo ya vituo vingi: Tujifunze kupanga kabla ya kufunga mizigo

Mji wetu wa Arusha unakula kwa safari za watu wengine. Vijana wetu wanajua kumpangia Mjerumani siku 12 za Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na wanajua atalala wapi, atakula nini na gari litajaza mafuta mji gani. Lakini muulize kijana huyo huyo ni lini amempangia safari mama watoto wake. Atacheka tu! Kwetu sisi safari ni msiba, harusi au matibabu. Likizo ikitokea, hupangwa usiku wa kuamkia siku ya kuondoka.

Mimi ni mkazi wa Engutoto, na kila zinapokaribia likizo za shule za Juni na Desemba majirani huniuliza: twende wapi na watoto, na tuanzie wapi? Nimeona ni vyema nijibu kwa somo. Mfano wangu ni nchi ya jirani, Kenya: kutoka Arusha kwa njia ya Namanga hadi Nairobi, Mombasa, Malindi na Lamu. Ni safari ambayo familia ya kipato cha kati inaiweza, na watoto watajionea kwa macho historia ya Waislamu wa mwambao.

KWANZA: FEDHA NI YA NANI?

Kabla ya ramani, tazama mfuko. Mwenye uwezo wa Hija ambaye hajahiji, fedha hiyo ina mwenyewe, asiitangulize Lamu. Mwenye deni lililofika wakati wake alipe kwanza. Na asiye na deni asilitafute kwa ajili ya likizo. Mapumziko ya wiki mbili yakifuatiwa na miezi kumi ya kukimbia wadai si mapumziko. Bora mume na mke wakae chini, waweke kidogo kidogo kwa mwaka mzima, hata kwa mchezo wa upatu, kuliko kukopa kwa wiki moja.

PILI: HESABU SIKU ZA NJIANI

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu huorodhesha miji mitano akadhani amepata likizo tano. Siku ya njiani si siku ya kupumzika, hasa ukiwa na mtoto mdogo au mzazi mwenye umri. Tuchukue siku 13:

Siku ya 1, Arusha hadi Nairobi. Ya 2, Nairobi. Ya 3, treni hadi Mombasa. Ya 4 hadi ya 6, Mombasa. Ya 7, Malindi kwa kupitia Gede. Ya 8, Malindi. Ya 9, Lamu. Ya 10 na 11, Lamu. Ya 12, kurudi Mombasa. Ya 13, nyumbani kwa njia ya Voi, Taveta na Holili.

Hesabu sasa. Siku 6 ni za njiani, 7 tu ndizo za kutulia. Ukiacha kulala Malindi, ukaenda Lamu moja kwa moja siku ya 7, siku za njiani zinakuwa 5, za kutulia 8, na Lamu unapata siku nne kamili. Umepunguza kituo kimoja, umeongeza mapumziko na umeokoa nauli. Waongozaji wetu wa Arusha wanaijua kanuni hii. Tatizo ni kwamba wanaitumia kwa wageni peke yao.

Angalia pia kwamba sikurudi kwa njia ya Namanga. Kupita mpaka mwingine huwaonyesha watoto nchi mpya na hukuondolea kuzunguka tena Nairobi.

TATU: KALENDA MBILI

Muislamu ana kalenda mbili na zote mbili zina kauli. Desemba watu wa bara ya Kenya humiminika Mombasa, kwa hiyo treni hujaa na vyumba hupanda bei. Mfungo Sita Lamu hujaa wageni wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Ukitaka Maulidi, tafuta chumba mapema sana. Ukitaka utulivu, chagua mwezi mwingine. Na kwa kuwa mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, usitegemee tarehe ya mwaka uliopita.

NNE: KARATASI

Anza miezi mitatu kabla. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya, lakini anahitaji hati ya kusafiria. Wapo wanaosikia kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo katika mpango huo. Kila mtoto awe na hati yake, na hati haipatikani bila cheti cha kuzaliwa. Familia nyingi hukwama hapo hapo.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 kadi yake ni ya maisha, hivyo usiitupe. Na mifuko ya plastiki iache nyumbani: Kenya iliipiga marufuku 2017, nasi 2019.

Kwa upande wa Lamu, ulizia hali ya usalama wa barabara siku hizo hizo, na usafiri mchana. Maeneo ya huko yamewahi kushambuliwa, likiwemo shambulio la Mpeketoni la 2014.

TANO: SALA IINGIE KATIKA RATIBA

Wengi wetu hupanga chakula na kusahau sala, kisha tunababaika stesheni. Qur'an imetupa ruhusa ya kupunguza sala safarini (4:101), nasi wengi hapa ni wafuasi wa Imam Shafii. Kwa madhehebu yake, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu anapofika. Kwa ratiba yetu ya kwanza, Mombasa siku tatu na Lamu mbili, unapunguza kote. Ukiacha kulala Malindi na kukaa Lamu siku nne, huko Lamu unakamilisha. Kwa Hanafi kiwango ni siku 15. Magharibi haipunguzwi, hubaki rakaa tatu. Lakini ukiwa njiani yaweza kukusanywa na Isha, kama Adhuhuri na Alasiri. Mwenye shaka amuulize shekhe wake kabla ya kuondoka.

WATOTO WATAONA NINI?

Nairobi wataswali Msikiti wa Jamia katikati ya mji. Mombasa wataiona Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Mkipita Gede watakuta magofu ya mji wa Waswahili wenye msikiti mkuu, nyumba za mawe na visima, mji uliostawi kabla Vasco da Gama hajafika Malindi 1498. Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, watatembea katika vichochoro vya punda wakisikia adhana kutoka msikiti hadi msikiti.

Mtoto aliyesoma darasani kwamba ustaarabu uliletwa huku na Wareno, akisimama Gede atauliza maswali mengine. Kwa hilo peke yake, ndugu msomaji, naona inafaa mzazi aanze leo kuulizia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Wabillahi tawfiq.