Tumbo Linamuuma: Kutafsiri Umilikishi katika Maelezo ya Ugonjwa

Mama atokaye Pito, afikapo kituo cha tiba mjini Sumbawanga na mtoto mgongoni, husema: "Tumbo linamuuma." Haongezi neno "lake". Kiambishi -mu- kilichomo katika kitenzi kimekwisha kumtaja mwenye maumivu.

Kihispania hufuata njia iyo hiyo. Sentensi "me duele la cabeza" ni sawa na "kichwa kinaniuma": mwenye kichwa hutajwa kando ya kitenzi, si kando ya kichwa. Kiingereza hudai kimilikishi: "my head hurts." Anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza hupata "kichwa changu kinauma", maneno yanayoeleweka lakini yenye ladha ya ugeni. Vivyo hivyo, "nimevunjika mkono" huwa "I broke my arm", na aliyepatwa na ajali huonekana kana kwamba ndiye aliyeuvunja.

Tatizo kubwa zaidi lipo katika kimilikishi -ake. Hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala mtoto na mama yake. Kihispania nacho kina "su", yenye utata wa namna hiyo. Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua "his" au "her". Tuchukue maelezo haya: "Kijana amekuja na mama yake, dawa zake zimekwisha." Ni dawa za nani? Mhudumu anayeandika faili kwa Kiingereza akikisia, huenda akaandika kwamba mama ndiye aliyekosa dawa, na kijana akarudi nyumbani mikono mitupu.

Neno "wetu" nalo lahitaji uangalifu. Ndugu wasemapo "mgonjwa wetu", humaanisha jamaa yao. Daktari asemapo hivyo, humaanisha aliye chini ya uangalizi wake.

Kwa hiyo:

1. Mhudumu aulize, "Dawa za nani?" kabla ya kuandika "his" au "her".

2. Mgonjwa au msindikizaji ataje mhusika: "dawa za mtoto", "presha ya baba".

3. Ugonjwa usifanywe utambulisho wa mtu. "Anaishi na virusi vya UKIMWI" humtaja kwanza mtu anayeishi. "Mwathirika" humfunika kwa ugonjwa wake.

Swali moja fupi halichukui dakika, nalo huhakikisha kwamba tiba inamfikia anayeumwa.