SUMAKU YENYE KUTULIA HAITOI UMEME



Juma lililopita, saa ya kujifunza ya mangaribi, tulisikia ubishi katika darasa moja. Wamoja walisema: «Ukiweka sumaku ndani ya bobini, umeme inatoka.» Wengine walikataa kabisa. Sisi wa mwaka wa mwisho tukaomba mwalimu galvanometa, tukafanya jaribu mbele yao. Tulipoingiza sumaku, sindano iliruka upande mmoja. Tulipoiacha mule ndani, sindano ilirudi kwa ziro. Tulipoitoa, iliruka upande mwingine. Ubishi ukaisha: kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli.

Mwaka 1820, Ørsted wa Denmark aliona kwamba uzi wenye kupitisha umeme unageuza sindano ya dira. Basi umeme inazaa nguvu ya sumaku. Na sumaku, itaweza kuzaa umeme? Mwaka 1831, Michael Faraday alionyesha kule London kwamba inaweza, lakini lazima kitu kibadilike: sumaku iende, ao bobini iende.

Mufano tunao pale nje: dinamo ya kinga. Gurudumu linazungusha sumaku karibu na bobini. Ukisimama, taa inazimika. Ukikaza miguu, inawaka sana. Dinamo nyingi za kinga ni za 6 V na 3 W. Tuhesabu:

I = P : U = 3 : 6 = 0,5 A
R = U : I = 6 : 0,5 = 12 ohm

Musiseme ni umeme ya bure! Lenz alieleza mwaka 1834 kwamba umeme yenye kuzaliwa namna hii inapinga mwendo ulioizaa. Ndiyo maana, taa ikiwaka, miguu inachoka zaidi. Kule Inga, maji ya mto Kongo ndiyo inafanya kazi ya miguu.

Wenzetu, kwa mtihani wa Serikali, yule mwenye kuandika «sumaku inatoa umeme» anapoteza pointi, hata kama alijifunza usiku muzima. Aongeze: «wakati inapobadilika ndani ya bobini.» Maneno haya kidogo ndiyo somo lenyewe.

Zoezi: sumaku na bobini zikienda pamoja, mbio moja, upande mmoja, sindano itafanya nini? Mutuletee jibu, pamoja na sababu, mbele ya siku ya posho.