Magurudumu ya Mfuko wa Michezo

Somo la leo ni juu ya mfuko mrefu wenye magurudumu, uliobuniwa kwa wachezaji wa besiboli na softboli. Michezo hiyo haijazoeleka Rumonge, ingawa majirani zetu wa Uganda waicheza vizuri: mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Marekani. Lakini mfuko wenyewe watufaa. Uliofanywa kuchukua magongo ya karibu meta moja, kofia ngumu na glavu, utachukua pia mipira, wavu na pampu ya timu yetu.

Mwanafunzi wa zamani akitaka kuitumia shule zawadi, huuona dukani akaupenda. Kabla hajalipa, yampasa afikiri njia utakayopita. Mfuko mkubwa wa namna hii waweza kufika kilo 5 ukiwa mtupu. Gurudumu likivunjika, kijana atakayeubeba begani atabeba mzigo wa timu na chuma cha bure juu yake.

Tuanze na mkono. Mfuko wa magurudumu mawili ni wenzo, kama toroli. Tuseme mfuko na vilivyomo ni kilo 20. Uzito ukilalia sentimeta 30 kutoka kwenye magurudumu, na mkono ukishika sentimeta 120, mkono utachukua 20 × 30 ÷ 120, yaani kilo 5. Wapakiaji wakiweka vitu vizito juu hata uzito ukapanda kufikia sentimeta 60, mkono utachukua kilo 10, na mzigo ni ule ule! Wachukuzi wa mawese hapa kwetu walijua jambo hili pasipo kitabu: bidoni zao huzifunga ubavuni mwa gurudumu la nyuma, chini kadiri iwezekanavyo.

Sasa jiwe. Gurudumu lenye nusukipenyo cha sentimeta 5 likikutana na jiwe la kimo cha sentimeta 2, kitovu chake kiko sentimeta 3 juu ya ncha ya jiwe na sentimeta 4 nyuma yake. Chora, utaiona pembetatu ya 3, 4, 5. Ukivuta mbele sawasawa na ardhi, nguvu itakiwayo ni uzito ulio juu ya magurudumu mara 4 ÷ 3. Mkono ukiwa umekwisha chukua kilo 5, zimebaki 15, basi utavuta kwa nguvu ya kilo 20. Chukua gurudumu la nusukipenyo cha sentimeta 10: pembetatu ni 6, 8, 10, na nguvu ni 15 × 6 ÷ 8, kama kilo 11 tu. Tena jiwe likiwa na kimo cha sentimeta 5, lile gurudumu dogo halipandi kamwe kwa kuvutwa mbele. Hapana budi kuliinua.

Mtu atauliza, mbona basi watengenezaji huweka madogo? Kwa sababu kubwa hula nafasi, huongeza uzito, na mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 tu kwa mfuko mmoja. Na asili yake pia ndiyo hiyo. Mmarekani Bernard Sadow, aliyepata hati ya uvumbuzi wa sanduku la magurudumu mwaka 1972, alifikiria sakafu za viwanja vya ndege. Hakufikiria ufuko wa Tanganyika, ambako gurudumu jembamba hulima mchanga badala ya kupita juu yake. Kwetu ni afadhali gurudumu liwe kubwa na pana, la mpira, hata kama gongo moja litakosa nafasi.

Juu ya kitambaa sina maneno mengi. Poliesta huvumilia jua kuliko nailoni. Nailoni hushinda kwa kusuguliwa. Kwa kuwa mifuko yetu hukaa sana juani juu ya magari, ningechagua poliesta, na chini bamba la plastiki ngumu lenye matundu ya kutolea maji ya mvua. Mpini wa kuvuta na kurudisha ndani ni mzuri machoni, walakini mchanga ukiingia katika mabomba yake hukwama. Ukanda imara ulioshonwa mara mbili ni mwepesi zaidi.

Neno kubwa kwangu ni namna gurudumu lilivyofungwa. La ribiti likivunjika, fundi hana la kufanya ila kukata. La bolti na nati, fundi yeyote wa baiskeli hapa Rumonge hulifungua kwa spana yake ya kila siku na kutia jingine. Basi mwanafunzi wa zamani mwenye fedha ya kuchagua kati ya kitambaa kinene zaidi na magurudumu mawili ya akiba, na anunue magurudumu, ayafunge ndani ya mfuko pamoja na bolti zake.